Asali Mgongoni mwa Punda: Shajara ya Mradi Wetu, Lamu

9 Januari 2025

Tulipanga punda kumi, wamekuja watatu. Wenye punda wengine wamesema watangoja waone hawa watatu watafanywaje. Siwalaumu. Mji huu haupitiki kwa gari. Mchanga, saruji, mawe ya kujengea, mitungi ya gesi, vyote hupita mgongoni mwa punda. Punda akilala siku moja, kuna nyumba haiinjiki chungu.

Kwa asiyetujua: mimi ni mtu wa afya ya mifugo, mzaliwa wa Langoni. Mwenzangu wa kwanza ni mrina asali wa Hindi, kijiji cha Lamu upande wa bara. Wa pili ni mzee mwenye punda saba, ambaye sote twamwita Ami ingawa si ami wa yeyote kati yetu. Fedha tulizonazo ni zetu wenyewe na ni chache. Tunataka kujua kama asali safi, na gundi ya nyuki ambayo madukani huitwa propolisi, zinaweza kuchukua nafasi ya oili chafu na majivu wanayopakwa punda wetu.

Wagonjwa ni hawa. Jike la Ami, kidonda cha mgongoni upande wa kushoto, sentimita 7 kwa 5, kina usaha na harufu. Dume la Mkomani, kamba imemchimba chini ya mkia. Wa tatu nimemwandika "Wa Bati", kwa sababu bati lililoanguka wakati wa kuezua nyumba lilimpasua mguu wa nyuma, chini ya goti.

Kabla ya kufungua mtungi wowote, wote watatu nimewachanja pepopunda. Ami aliuliza kwa nini nianze na sindano ilhali mradi ni wa asali. Nikamwambia jina la ugonjwa limeshamjibu. Punda na farasi ni wepesi mno kuupata. Mbegu za bakteria wake hukaa udongoni na mavini miaka na miaka, na asali haiziui mbegu hizo. Asiyekubali sindano hatumpokei.

Kupima ni rahisi: naweka karatasi ya nailoni juu ya kidonda, nachora ukingo kwa kalamu, kisha nailaza juu ya daftari la hesabu na kuhesabu miraba.

12 Januari

Mrina amevuka kutoka Mokowe na ndoo mbili, na safari nzima hakukubali mtu azishike. Sasa mezani zipo asali tatu. Moja niliinunua mwenyewe, imo katika chupa ya maji iliyotumika, nyeusi, inakwaruza koo. Ya pili ni ya mrina. Ya tatu imetoka mizinga ya mikokoni, yenye chumvi kwa mbali ukiiweka ulimini, au pengine ni mimi ninayejipendekeza kwa bahari.

Tuna rifraktomita, kile kifaa kidogo cha kuchungulia kinachopima maji ndani ya asali. Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, hazitaki maji yazidi asilimia 20. Ya dukani imesoma 25. Ya mikokoni 21 na nusu. Ya mrina 18. Nilipomuuliza ameifanyaje alinitazama kama niliyeuliza maji hulowa vipi. "Nyuki akiona imeiva huifunika kwa nta. Ikiwa yeye hajafunika, mimi ni nani niikate?"

Suala la maji si la ladha. Asali huua vijidudu kwanza kwa kuvinyonya maji: sukari imejaa kiasi kwamba kijidudu kikiingia hukauka. Pili ni ukali wake. pH yake huwa kati ya 3.2 na 4.5. Jambo la tatu ndilo lililonifanya niupende mradi huu. Nyuki huitia asali kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi. Kwenye mtungi kimelala. Majimaji ya kidonda yakiizimua asali, kinaamka na kuanza kutengeneza peroksidi ya hidrojeni kidogo kidogo, saa baada ya saa. Ni dawa ileile ya kusafishia vidonda, ila hii haimwagwi mara moja ikachoma nyama nzima.

Kimeng'enya hicho hufa kwa moto. Ndiyo maana ile chupa ya dukani, hata kama haikutiwa sukari, nimeirudisha kabatini kwa ajili ya mahamri. Warinaji wengi huchemsha masega ili asali itoke upesi na kuchujika. Hubaki utamu tu.

Ami alisikiliza yote haya, kisha akasema: "Lakini mwanangu, kwenye Sura ya Nyuki imetajwa ponyo kwa watu. Punda hakutajwa." Mrina akamjibu: "Ami, jike lako likilala, nani huumwa?"

14 Januari

Siku ya kwanza kamili. Nachemsha maji, natia chumvi gramu 9 kwa lita, naacha yapoe, naosha. Nyama iliyokufa naikata. Asali siipaki kidondani moja kwa moja, naitia kwenye shashi kwanza: mililita 20 kwa kipande cha sentimita 10 kwa 10, ndicho kiasi kinachopendekezwa na waliokwisha kulifanyia kazi jambo hili. Ukipaka asali kidondani, kwa joto la hapa inakuwa maji na kuteremka ubavuni kabla hujafunga. Juu ya shashi nafunga kitambaa cha pamba, juu yake mshipi mpana unaozunguka tumbo.

Chini ya mkia hakufungiki chochote. Kwa Dume la Mkomani nitakuwa nikipaka asubuhi na jioni.

20 Januari

Aibu hii naiandika kwa sababu nimeahidi kuandika kila kitu.

Juzi shashi ziliniishia. Nikasema siku moja haidhuru, nikampaka Jike la Ami asali tupu, nikamfunga kivulini nyuma ya nyumba, nikaenda kununua shashi. Nilipokuwa narudi nilisikia watu wakicheka kabla sijapinda kona. Nzi walikuwa wamejaa. Chungu walikuwa wakipanda mguu wa mbele kwa safu. Na nyuki, sijui wa mzinga wa nani, walikuja kuchukua mali yao. Hawakumuuma, kwani nyuki aliye mbali na mzinga hana haja ya ugomvi, lakini mvumo tu ulimtosha. Alikata kamba, akateremka kichochoro hadi ufukweni, akajitupa mchangani na kugaagaa.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, sawa. Punda mgaagaa na upwa huja na kilo nzima ya mchanga kidondani. Nilimwosha kwa saa moja huku akinipiga teke mara mbili.

Sheria mpya: hakuna asali isiyofunikwa kwa punda anayeachwa peke yake. Dume la Mkomani atapakwa akiwa ameshikwa, atakaa hivyo nusu saa, kisha ataoshwa.

28 Januari

Wiki mbili. Harufu ya kidonda cha Jike iliondoka siku ya nne, na hilo hata Ami alilitambua kabla sijamwambia. Usaha umekoma. Chini kumeota nyama nyekundu yenye vipele vidogo kama ganda la stafeli lililochubuliwa, ndiyo nyama tunayoitaka. Kutoka miraba 31 tumefika 19. Mguu wa Wa Bati unakwenda polepole. Ngozi ya huko chini haina nafasi ya kujivuta, na punda, kama farasi, hupenda kuotesha nyama ya kuzidi mahali hapo. Asali haizuii hilo. Nikiiona ikipanda juu ya ngozi nitaikata kwa kisu.

Punda watatu si utafiti, najua. Jike angeweza kupona kwa maji ya chumvi na mapumziko peke yake. Uzito wa jambo uko kwingine: mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kulinganisha majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 26 kwa watu, washiriki 3,011, yakaona majeraha ya moto yasiyofika chini sana hupona kwa asali siku 4 hadi 5 mapema kuliko kwa bandeji za kawaida, na vidonda vya upasuaji vilivyooza pia hufaidika. Kwa vidonda vya mguu vinavyotokana na mishipa, hakukuwa na faida. Hicho ndicho kipande ambacho wauza asali hawakisomi.

3 Februari

Leo mama mmoja wa Shela amenijia mlangoni. Amesikia habari za asali. Mumewe ana sukari, kidole cha mguu kimekuwa cheusi, naye ameleta mtungi wake mwenyewe nimwonyeshe namna ya kufunga. Nilimwambia hapana. Sikumzungusha: kidole cheusi cha mtu mwenye sukari ni cha hospitali leo hii, si kesho. Alinuna. Alisema basi punda wana bahati. Nimemsindikiza mpaka nikaona ameingia kwenye boti na mgonjwa wake, na hiyo ndiyo kazi bora niliyofanya mwezi huu.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama asali hiyo anaweza kumlambisha mjukuu wa miezi mitano. Hapana tena. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka halina uwezo wa kuzizuia zisiote. Mila ya kumlambisha mtoto kitu kitamu ina pa kufanyika, tende ipo.

Ndiyo sababu vilevile asali inayouzwa rasmi kwa vidonda hospitalini hupigwa miale ya gama: mbegu hufa, kimeng'enya hubaki. Sisi hatuna miale. Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa mwaka 2014 matokeo ya asali 29 zilizokusanywa ili zipimwe kwa bakteria waliotolewa kwenye vidonda vya farasi, na 18 kati ya hizo zilikutwa zina vijidudu vyake zenyewe, zikaachwa nje ya kipimo. Nimeisoma sentensi hiyo kwa mrina. Amenyamaza, kisha akaniuliza bei ya mitungi ya kioo yenye vifuniko vya kukaza. Tumeacha ndoo.

15 Februari

Wiki ya gundi ya nyuki. Hii nilidhani itakuwa nyepesi.

Nyuki huikwangua kwenye machipukizi na magome yanayotoa utomvu, huichanganya na nta, na huitumia kuziba nyufa za mzinga. Mrina aliwahi kukuta mjusi ndani ya mzinga, amekufa, amevikwa gundi mwili mzima, hanuki. Nyuki hawakuweza kumtoa, wakamzika palepale. Kwa mtu wa vidonda, mjusi huyo ni somo zima.

Tabu ya kwanza: inanata. Huwezi kuipondaponda, inakuwa ubani uliotafunwa. Mchuuzi wa samaki pale gatini alituazima sanduku lake la barafu kwa saa mbili, na ikishika baridi inakuwa ngumu, inavunjika kama sukari guru. Tuliitwanga kwenye kinu haraka haraka kabla joto halijairudisha. Kinu hicho hakitatwanga tena kitu cha kuliwa, mama ameshatangaza.

Tabu ya pili: haiyeyuki kwenye maji. Njia ya kawaida ni kuiloweka kwenye alkoholi ya asilimia 70 kwa siku kadhaa. Ami akauliza, kwa adabu, hicho kitu ni nini hasa. Nilipomweleza akasema hakikatazi kwa wengine, lakini chini ya dari yake chupa hiyo hailali. Sikubishana. Isitoshe, ukimtia punda alkoholi kwenye kidonda kibichi utajua mwenyewe upande upi wa punda una nguvu. Tumefanya marhamu: mafuta ya nazi, nta na gundi iliyotwangwa, chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, masaa matatu bila kuchemka, kisha kuchuja kwa kitambaa. Mafuta hayavuti yote yanayovutwa na alkoholi, hilo nalikubali. Lakini yanakaa mahali yalipopakwa, na chungu hawayapendi.

Tabu ya tatu tuliigundua kwa pua. Fungu moja la gundi lilitoka kwenye mizinga iliyo karibu na wanaounda majahazi, kule Matondoni. Jeusi tii, na lilipopata moto likanuka lami. Nyuki akikosa utomvu huchukua kinachonata chochote: rangi mbichi, lami, anapaka mzingani mwake bila kujua ameleta sumu. Fungu zima tumelizika. Mrina ameumia, maana lilikuwa nusu ya gundi yote.

Kwa kila tutakachouliza kuhusu gundi hii jibu litakuwa "ya wapi?" Ya Ulaya hutoka sana kwenye mipopla, miti ya kule, na mengi yaliyoandikwa ni ya hiyo. Ya kwetu hutoka kwenye miti ya kwetu. Siwezi kuyachukua maandishi ya kule nikayabandika kwenye mtungi wa Hindi.

Kwa hiyo marhamu hayaingii kidondani. Tunapaka ukingoni, kwenye ngozi iliyochubuka bila kupasuka, na chini ya mkia wa Dume la Mkomani ambako bandeji haishiki.

24 Februari

Mikono yangu. Vidole vitatu vya kulia vimevimba, vinawasha, vimetoa malengelenge madogo. Ni gundi, haina shaka; inajulikana kuwa watu wengine ngozi zao hazipatani nayo. Niliitwanga bila glovu kwa kuwa nilijiona mwenyeji wa kazi. Kuanzia leo kila punda anapakwa kiduchu ndani ya paja kwanza, tunangoja siku mbili. Dume la Mkomani alipakwa bila jaribio hilo na hajadhurika. Bahati yake.

Machi

Ramadhani. Nimeandika kidogo. Kazi za ujenzi zimepungua, mizigo imepungua, punda wamepumzika. Dume la Mkomani amefunga kabisa chini ya mkia, mwenye punda ametumwa nyumbani na kamba mpya iliyovishwa mpira wa baiskeli. Jike: miraba 4.

9 Aprili

Jike amerudi miraba 22.

Nimekaa na karatasi zangu za nailoni nikazipanga moja juu ya nyingine na kuona umbo lilelile la mwezi wa kwanza, kama mtu aliyelichora kwa kunakili. Eid ilipopita mafundi walirudi kazini, Jike alibebeshwa mchanga siku tano mfululizo, na kovu changa likafumuka. Ami alisimama mlangoni, hakuingia. Nilitaka kusema neno nikakumbuka kwamba yule mwenye kujenga hakumngoja Ami, na Ami hakuwa na mwingine wa kumtuma. Punda afe mzigo ufike. Msemo huo haukutungwa na mtu mkatili, ulitungwa na mtu mwenye deni.

Nikamwomba anionyeshe shogi la kubebea mizigo. Miezi mitatu nimepima maji ya asali kwa nusu asilimia, na shogi sikuwahi kulishika. Tandiko la chini ni magunia mawili yaliyokunjwa. Mshono wa gunia umepita sambamba na kidonda, mgumu kama fimbo kwa jasho na chumvi. Nimepitisha kidole juu ya mshono, kisha juu ya karatasi ya nailoni. Vimelingana mwanzo hadi mwisho.

16 Aprili

Fundi wa matanga amekubali kutushonea. Aliuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuyauliza: uti wa mgongo umeinuka kiasi gani, punda ana nyama au amekonda, mzigo unakaa mbele au nyuma. Tandiko lake lina mito miwili mirefu, mmoja kila upande, katikati pamebaki mfereji ili uti usiguswe na chochote. Ndani ametia usumba wa nazi uliochambuliwa, nje kitambaa kikuukuu cha tanga. Hakuna mshono unaogusa ngozi. Amekataa malipo ya tandiko la kwanza, la pili amesema tutaelewana.

Jike amerudishwa kwenye asali, wiki tatu bila mzigo. Siku hizo tumezilipa sisi kutoka fedha za mitungi. Mrina alipinga kidogo, kisha akatoa ndoo moja ya asali iuzwe kwa matumizi ya chai.

11 Mei

Masika yamekuja na mawili. Nyuki wa mizinga minne wamehama, mrina anasema watarudi maua yakirudi. Na asali iliyobaki, kwa unyevu wa siku hizi, inanyonya maji hewani kila tukifungua kifuniko. Mtungi uliosoma 18 leo umesoma 20. Tumeihamishia kwenye vitungi vidogo vya siku moja moja.

Wa Bati amepona, ana kovu lisilo na manyoya, upana wa vidole viwili. Nyama ya kuzidi niliikata mara mbili.

Jike: miraba 3, na leo ni siku yake ya nne akiwa na mzigo nusu juu ya tandiko jipya. Nilimvua mwenyewe jioni. Manyoya yamelowa jasho sawasawa pande zote mbili, katikati pakavu. Ami alipitisha kiganja kwenye ule ukavu, akarudia, akaniuliza fundi anaweza kushona mangapi kwa mwezi.

Watu watano wa Matondoni wametuma salamu kwamba wanataka "ile dawa ya tanga". Nimeshindwa kuwasahihisha. Kesho nakwenda huko na kipimo cha kamba na magunia manne ya usumba. Asali nachukua mtungi mmoja.